Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Grisi iliyoungua ina harufu ambayo ukishaijua huisahau. Si ya mafuta ya kupikia wala ya mpira. Iko katikati, na ina utamu fulani mbaya unaokaa kooni. Majuzi nilikuwa kando ya barabara, mbali sana na kwetu, nikingoja lori ambalo dereva wake alikubali kunisogeza mbele, kama ninavyosogezwa siku zote. Lilipofika na kusimama, harufu ile ikanijia kabla vumbi halijatua. Gurudumu moja la mbele lilikuwa likifuka moshi mwembamba. Utingo akaruka chini na dumu la maji, dereva akamfokea asimwage, na mimi nikabaki nimekaa juu ya begi langu. Ninyi wa rika langu mtanielewa nikisema kuna uchovu usiotokana na kazi ya siku hiyo. Nilichoka ghafla uchovu wa masika moja ya zamani, nyumbani kwetu Lumemo, Ifakara.

Tulikuwa na pikapu. Baba aliinunua ikiwa imeshazeeka mikononi mwa watu wengine, akawa anabebea mpunga, samaki wakavu, na watu wasio na haraka. Honi ilikufa kabla mimi sijajua kuongea. Kuwaka kwake ilikuwa kwa kusukumwa, kwa hiyo mahali pasipo na watu baba hakuthubutu kuizima. Lakini ilikuwa na sauti yake. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa likilia. Halikupiga kelele, lilinguruma chini chini kama mtu mwenye homa aliyejifunika blanketi, na mwendo ukiongezeka mlio nao ulipanda. Tukiwa barazani tuliusikia gari likiwa bado ng'ambo ya mto Lumemo, na shangazi, dada yake baba aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa akiinuka kwenda kubandika sufuria.

"Kaka yangu huyo," alikuwa akisema, "anakuja na mgonjwa wake."

Mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo. Nilimuuliza baba mgonjwa anaumwa nini, akasema beringi. Nikadhani ni ugonjwa kama surua. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijibana upande wa kulia, karibu na baba, nisije nikaambukizwa, na nikishuka nanawa mikono. Baba aliniona nikinawa akafikiri nimefundishwa usafi shuleni, akanisifu.

Sisi watu wa bondeni tulikuwa na nyumba mbili. Moja ya mjini, ya matofali au ya udongo kadiri ya uwezo, na nyingine shambani, na mvua zikianza familia hugawanyika. Mama alikuwa akihamia shambani, ng'ambo ya mto mkubwa, mbele ya Lupiro ukielekea Malinyi. Huko alikaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akilinda mpunga usiliwe. Mdogo wangu mgongoni, debe mkononi, tangu alfajiri anagonga kufukuza ndege, na giza likiingia anagonga kuwatisha nguruwe na viboko. Bonde zima lilikuwa likigonga madebe. Mimi nilibakizwa mjini kwa shangazi kwa ajili ya shule, shule ambayo hata hivyo niliiacha mapema, kwa kuwa kila gari lililopita nje ya dirisha la darasa nilitaka kujua linakwenda wapi.

Gari halikuweza kufika dunguni. Lilifika kwenye tuta la barabara ya mashamba, penye karavati la kupitishia maji, na kutoka hapo palikuwa na maji na matete marefu kuliko mtu. Njia ya miguu ilihama kila maji yalipopanda, na mama ndiye aliyejua pa kukanyaga. Kwa hiyo mama hakuwa akifuatwa. Alikuwa akisikia gurudumu linalia kutoka mbali, anafunga mizigo, anamfunga mtoto, anatoka, na gari likifika karavatini na yeye anaibuka kwenye matete. Hakuna aliyekaa akalipanga jambo hilo, lilijizoesha lenyewe. Hata wanawake wa madungu ya jirani walikuwa wakimpigia kelele, "Mama Eliza, mgonjwa wako huyo!" Eliza ni mimi.

Mwaka uliotangulia baba alikuwa amechelewa. Maji yalimkuta mama dunguni, akakaa juu na mtoto mchanga huku nyoka wakipanda nguzo kutafuta pakavu, mpaka wavuvi wakamtoa kwa mtumbwi. Aliporudi hakugomba. Alingoja mwaka uishe, hadi siku ya kuhamia tena shambani, pikapu imeshapakiwa, yeye anakaza kamba ya mkeka, ndipo akasema bila kuinua uso:

"Baba Eliza. Mwaka huu maji yakinikuta kule, nitatoka mwenyewe. Na nitakakofikia usinifuate."

Baba akacheka. Mama akaendelea kukaza kamba.

Masika hiyo ilikuja kwa pupa. Habari zililetwa na wauza samaki wa baiskeli waliokuwa wakivuka mto mkubwa kwa pantoni: maji yanapanda, barabara ya mashamba haitamaliza juma. Baba akaondoka asubuhi hiyo hiyo. Hakufika hata kwenye pantoni. Tulimsikia akirudi, na mlio ulikuwa umebadilika, umekuwa wa kusaga, kama mtu anatafuna kokoto. Alipoingia uani ile harufu ikaingia naye. Alishuka akagusa katikati ya gurudumu, akarusha mkono kama aliyeumwa na nge. Kiganja kilikuwa kimeungua.

"Umerudi peke yako?" shangazi akauliza.

"Gurudumu linataka kuchomoka."

"Lifunge kamba uende. Mke wako yuko majini."

"Dada, likichomoka tukiwa juu ya tuta tutaingia majini wote. Hapo utakuwa umepata nini?"

Beringi mpya alikuwa nazo. Zilikuwa uvunguni mwa kitanda tangu rafiki yake mmoja wa kwenye mashamba ya miwa, Kidatu, alipomtumia kwa basi. Miezi yote hiyo alikuwa akisema atazifunga kesho. Fundi wetu wa mtaani alikuwa amehamia shambani kwake, kama nusu ya mji, kwa hiyo baba akavua shati akaanza mwenyewe.

Nakumbuka kila kitu cha kazi ile kwa sababu nilikuwa nimechuchumaa karibu kiasi kwamba alinisukuma kwa kiwiko mara nyingi. Aliinua gari kwa jeki, akapanga matofali chini yake asije akaangukiwa. Akatoa tairi. Akabandua kofia ndogo ya bati katikati, akanyoosha pini iliyokunjwa, akafungua nati, na chuma chote kikubwa cha duara, habu, kikamjia kifuani na kumchafua kwa grisi nyeusi. Ndani ndipo nilipouona ugonjwa. Beringi ni pete yenye vyuma vidogo vimepangwa kuizunguka, na vyuma vile vilikuwa virefu vyembamba, mfano wa punje za mpunga. Vilipaswa kung'aa. Vilikuwa na mabaka ya kahawia, vingine vimechunika kama ngozi ya mtu aliyetoka kuumwa tetekuwanga. Maji ya bondeni yalikuwa yameingia humo mwaka baada ya mwaka, yakasuuza grisi.

Kubadilisha beringi si kutoa tu na kuweka. Kuna pete ya nje inayobaki imekwama ndani ya habu, na hiyo haitoki kwa kubembelezwa. Baba aliigonga kwa patasi butu mpaka jasho likamwingia machoni. Haikusogea. Akakaa kitako akafikiri, kisha akaenda jikoni kwa shangazi, akaipua sufuria ya wali uliokuwa ukikauka, akaiweka chini, na juu ya jiko la mkaa akaweka habu.

"Kaka! Hicho ni chakula cha mtoto!"

"Chuma kikipata joto kinaachia."

"Na mimi nikipata njaa ninaachia nini?"

"Dada, nisaidie kupepea."

Shangazi akapepea huku akisema. Alisema juu ya wanaume wanaoficha dawa uvunguni mpaka mgonjwa akate roho, alisema juu ya wali wake, na mkono wake haukuacha kupepea. Harufu ya grisi ikaungana na harufu ya mkaa na ya wali, na baba alipogonga tena pete ikadondoka kwa mlio mmoja mdogo. Shangazi akapiga kigelegele bila kutaka. Halafu baba akaweka pete mpya, akaipigia juu kwa ile ile ya zamani ili asiiumize, akapakua grisi ya njano kwa kiganja kisichoungua, akaisukuma ndani ya beringi mpya mpaka ikachungulia upande wa pili. Akarudisha kila kitu mahali pake. Alikaza nati, akazungusha gurudumu, akalegeza kidogo, akalitikisa juu na chini, akakaza tena. Kisha akaweka ncha ya spana juu ya habu na ncha nyingine sikioni, akaniambia nilizungushe.

"Njoo usikie na wewe," akasema.

Nikaweka sikio. "Baba, sisikii kitu."

"Ndiyo hicho chenyewe."

Shangazi naye akainama akasikiliza, kanga ikigusa grisi. "Limekufa?"

"Limepona."

Nilicheza. Niliruka uani nikiimba kwamba mgonjwa amepona. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akijisifu, alitazama mikono yake akatabasamu. Sisi watu watatu tulikuwa tumeusikiliza ule ukimya kwa zamu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuna mtu wa nne anayeungoja mlio. Tangu siku hizo nimeishi sana kwenye magari ya watu na kambi za watu, nimepikia mafundi wa barabara na kuuza dagaa vituoni, na nikiona mtu anatengeneza kitu kibovu bado huwa nauliza ni nani aliyekuwa amekizoea kikiwa hivyo hivyo. Wengi hunicheka.

Tuliondoka alfajiri iliyofuata. Shangazi alisema nichukuliwe, maana baba alikuwa hajalala na maswali yangu yangemzuia kusinzia, tena mtu alihitajika kukaa garini injini ikiwa inanguruma. Tukavuka kwa pantoni, tukapita Lupiro kwenye nyumba ya mjomba, kaka yake mama, ambayo ilikuwa imefungwa. Naye yuko shambani, baba akasema. Tulipoingia barabara ya mashamba nilishangaa jinsi dunia ilivyo na sauti nyingi nisizowahi kuzisikia nikiwa ndani ya gari lile: maji yakipasuka chini ya tairi, vyura, madebe ya mbali.

"Baba, halilii hata kidogo!"

"Halilii," akasema, naye akawa anafurahi.

Tulifika karavatini. Maji yalikuwa yameshafika ukingo wa tuta pande zote mbili. Mama hakuwepo.

"Anafunga mizigo," nikasema.

"Anafunga mizigo."

Tukangoja. Jua likapanda, likaanza kurudi. Matete yalitikisika na kila yalipotikisika nilipiga makofi, kumbe ni upepo. Kisha nikamwona baba anageuka polepole na kulitazama gurudumu la kushoto. Alilitazama muda mrefu sana, mikono ikiwa imening'inia. Mimi nilidhani bado anaipenda kazi yake.

Ghafla akaruka nyuma ya gari, akavuta ringi ya tairi la akiba, akaiegemeza kwenye karavati na kuanza kuigonga kwa spana kubwa. Mlio ulikwenda mbali. Na bonde likajibu. Upande huu debe, upande ule debe, na lingine ng'ambo, watu wanafukuza ndege kwenye mpunga wao kama walivyofanya jana na juzi. Baba akagonga kwa nguvu zaidi. Madebe nayo hayakukoma. Mkono wenye kiganja kilichoungua uliposhindwa akahamishia mwingine, akagonga, akaita jina la mama, akagonga. Mimi nilikuwa nimeziba masikio, nacheka, nikidhani tunawasaidia watu kufukuza ndege.

Halafu akaingia kwenye maji. Niliona matete yakimmeza, nikasikia akiita, kisha akarudi amelowa mpaka kifuani na kujaribu mahali pengine. Mara ya pili alirudi bila kiatu kimoja. Maji yalikuwa yameanza kupita juu ya tuta, membamba, yanasukuma majani makavu chini ya gari. Baba alisimama akayatazama matete, akanitazama mimi garini, akayatazama tena matete. Nilimwambia nina njaa. Akapanda, akageuza gari.

Nilipomsifia tena gari lisivyolia, akasema taratibu, "Nyamaza, mama." Baba alikuwa akiniita mama siku zote, lakini siku hiyo nilitaka aniite jina langu.

Siku zilizofuata alikuwa akitoka mapema kwenda kwenye pantoni kuuliza wavuvi, na jioni anarudi na kukaa uani bila kugusa chakula. Shangazi aliacha kumtania, na hilo ndilo lililoniogopesha. Hatimaye akaja mwuza samaki mmoja, akaegemeza baiskeli ukutani, akasema mama yuko Lupiro kwa kaka yake, yeye mzima na mtoto mzima. Shangazi akaketi chini akafunika uso kwa kanga. Yule bwana akajikuna shingo. "Lakini amesema usimfuate."

Baba alikwenda kunawa uso. Kisha akaniambia nivae.

Mjomba alitupokea uani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba," akaitikia marahaba akanipa kigoda, lakini baba, mjomba alimwacha asimame kidogo kabla hajamkaribisha. Mama alikuwa kwenye mkeka akichagua mchele kwenye ungo, mdogo wangu kalala ubavuni. Alikuwa amekonda. Alinitazama, akanivuta, akaninusa kichwani, kisha akarudi kwenye ungo wake.

"Shemeji," mjomba akaanza, "mimi si mtu wa maneno mengi. Dada yangu alikungoja. Watu wa madungu wote wanasema hukufika. Gari lako lingepita wangelisikia, maana hata wafu wa huku wanalijua."

"Nilifika."

"Lilipaa?"

"Nilibadilisha beringi."

Mjomba akamtazama. "Beringi na mke vinahusianaje, shemeji?"

Baba alionekana kama mtu aliyetoka kulima shamba lisilo lake. Mama ndiye aliyesema, bila kuinua macho kwenye mchele.

"Nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Mwenye mtumbwi alikuja, nikamwambia ngoja. Nikamwambia tena ngoja. Akasema, Mama Eliza, maji hayangoji mtu."

"Niligonga ringi," baba akasema. Akakunjua viganja vyake. Kimoja kilikuwa na kidonda cha moto, na vyote viwili vilikuwa vimetoka malengelenge yaliyopasuka. "Honi sina. Nikagonga ringi."

"Uligongea wapi?"

"Karavatini."

"Ulikuwa unapumzika, au mfululizo?"

"Mfululizo. Nikichoka nabadilisha mkono."

Mama akauweka ungo chini. Mdogo wangu akageuka usingizini, naye akampigapiga mgongoni, na mkono ukabaki pale.

"Debe halipigwi hivyo," akasema. Alikuwa akimwambia mjomba, si baba. "Unagonga, ndege wanaruka, unaacha. Siku ile kulikuwa na mtu anagonga bila kuacha, upande wa barabara, ambako hakuna hata punje ya mpunga. Nikamwambia mwenye mtumbwi, sikiliza huyo naye, ana wazimu gani, anafukuza ndege barabarani. Tukacheka." "Ndipo nikapanda."

Mimi niliona ni zamu yangu, nikamwambia mama habari niliyokuwa nimeitunza kwa ajili yake siku zote hizo, kwamba mgonjwa amepona, halilii tena, nami nimelisikiliza kwa spana. Nilingoja afurahi. Alinitazama kwa muda, akanifuta grisi ya kale kwenye ukucha, haikutoka.

"Kaka," akasema, "nitafutie kamba. Kuku wangu wafungwe miguu."

"Si ulisema asikufuate?"

"Nilisema."

Kuku aliokuja nao kwa mtumbwi walikuwa wameshazoea ua wa mjomba, hawakukubali kukamatwa. Baba aliwakimbiza na mikono yake ile mibovu, mjomba akamsaidia huku akinung'unika kuhusu beringi, na mama akakunja mkeka. Watoto wa jirani walitusukuma mpaka pikapu ikawaka. Nilikaa katikati, mama dirishani na mtoto mapajani. Njiani nilimwona ametoa kichwa nje kidogo, ameinamia gurudumu, anasikiliza. Alisikiliza hivyo mpaka tukafika mtoni.

"Sasa nitakujuaje ukija?" akauliza.

Pantoni ilikuwa bado ng'ambo. Tulikaa tukiingoja, na kwa kuwa palikuwa na watu wa kutusukuma, baba akaizima injini.